Suti ya Siku Moja: Mafundi wa Shanghai na Wasafiri wa Hong Kong

Leo tutasafiri mbali kidogo. Mwalimu wa darasa, kama ramani ya dunia iko ukutani, tafadhali waonyeshe wenzako pwani ya China, upande wa kusini. Hapo pana kisiwa kidogo, na ng'ambo yake kipande cha bara kiitwacho Kowloon. Huko ndiko Hong Kong.

Sote twamjua fundi cherehani wa barazani. Unampelekea kitambaa, anakupima, anakuambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ukienda, yaweza kuwa Jumatatu. Lakini si neno, kwa kuwa wewe na yeye mwakaa mji mmoja. Kwapa likibana utamrudishia. Sasa mfikirieni msafiri. Meli yake imetia nanga leo, na keshokutwa itang'oa. Hana Ijumaa nyingine. Katika miaka ya 1950 na 1960 wasafiri wengi wa namna hiyo walishuka Hong Kong, wakapimwa asubuhi, na kesho yake wakaondoka na suti mpya. Waliporudi kwao walisimulia kana kwamba wameona mazingaombwe. Hayakuwa mazingaombwe. Suti ile ilikuwa na historia ndefu, na sehemu yake ni chungu.

Tuanzie Shanghai. Baada ya Vita vya Kasumba, mwaka 1842, Uingereza ilikitwaa kisiwa cha Hong Kong, na bandari tano za China zikafunguliwa kwa wafanya biashara wageni. Shanghai ilikuwa mojawapo. Wageni walikuja na makoti na suruali zao, na nguo zikichakaa walitaka nyingine. Hapo palikuwa na ugumu. Vazi la Kichina la zamani lilikatwa bapa, kama kanzu yetu: ulilikunja, likalala sawasawa juu ya meza. Koti la Kizungu halilali hivyo. Hukatwa vipande vingi, na ndani, kati ya kitambaa na bitana, hutiwa kitambaa kigumu, kisha hushonwa na kupigwa pasi ya mvuke mpaka lishike umbo la bega na kifua. Ni ufundi mwingine kabisa.

Walioujua vizuri zaidi walikuwa watu wa Ningbo, wilaya zilizoko kusini ya Shanghai. Waliitwa "hongbang", maana yake kundi jekundu. Kwa maelezo ya kawaida, jina hilo lilitokana na wateja wao, kwa kuwa Wachina waliwaita Wazungu watu wa nywele nyekundu. Kijana aliingia kwa bwana fundi kujifunza, kwa kawaida miaka mitatu, na mwanzoni alifagia na kuchota maji kuliko alivyoshika sindano. Lakini aliyemaliza alikuwa fundi kweli.

Kisha vita. Wajapani waliishambulia Shanghai mwaka 1937, na baada ya wao kushindwa mwaka 1945, Wachina wenyewe kwa wenyewe waliendelea kupigana. Mwezi Mei 1949 majeshi ya Wakomunisti yaliingia Shanghai. Wateja wageni waliondoka, matajiri wakaondoka, na suti ya Kizungu ikaanza kuwa vazi la kutiliwa shaka. Mafundi wengine walibaki wakashona nguo za viongozi wapya. Mwaka 1956 baadhi ya maduka yao yalihamishiwa Beijing. Wengine walikimbilia Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1945 Hong Kong ilikuwa na watu wapatao 600,000. Kufikia mwaka 1951 walizidi milioni 2. Wengi walijenga vibanda vya mbao na mabati juu ya vilima. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliwaka katika vibanda vya Shek Kip Mei, na watu wapatao 53,000 wakakosa pa kulala. Mkimbizi wa namna hiyo aliyekuwa na shamba, shamba lilibaki nyuma. Aliyekuwa na duka, duka lilibaki. Fundi alikuja na mkasi wake.

Sasa kitambaa. Hong Kong ilikuwa bandari huru, maana yake serikali haikutoza ushuru kwa bidhaa nyingi zilizoingia. Jora la sufu lililofumwa Huddersfield, Uingereza, liliuzwa Hong Kong bila ushuru, na ujira wa mshonaji ulikuwa mdogo sana kuliko ule wa London. Ndiyo sababu Mwingereza aliweza kuvuka bahari na kununua kitambaa cha kwao, kimeshonwa tayari, kwa bei nafuu kuliko nyumbani.

Nani alimkaribisha mlangoni? Mara nyingi hakuwa Mchina. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na jimbo la Sindh likawa upande wa Pakistan. Wahindu wengi wa Sindh walihama, na baadhi yao waliwafuata jamaa zao waliokuwa wafanya biashara Hong Kong. Hao walijua Kiingereza na walijua kuuza. Walifungua maduka ya suti katika barabara ya Nathan, Kowloon, karibu na hoteli na kivuko. Msindhi alipima na kupatana bei; Mchina, chumba cha nyuma au ghorofani, alikata na kushona. Sam's Tailor, duka lililoanzishwa mwaka 1957, lilianza kwa kuwashonea askari wa Kiingereza, na baadaye likajulikana duniani. Basi suti moja iliweza kupita mikononi mwa wakimbizi wa mipaka miwili, na mvaaji asijue habari za mmoja wala za mwingine.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Katika mtaa wa Savile Row, London, suti iliyoshonwa kwa mkono hula saa 50 au zaidi za kazi, na mteja huitwa kuijaribu mara kadha, majuma yakipita. Saa 50 haziingii katika siku moja. Hong Kong walifanyaje? Waligawa kazi. Mmoja alikata, mwingine alishona suruali, mwingine koti, mwingine matundu ya vifungo, mwingine akapiga pasi. Wengi walilipwa kwa kipande, si kwa saa, na usiku ulikuwa sehemu ya siku ya kazi. Hata hivyo saa hazikutosha, kwa hiyo kitu kilipunguzwa: mishono ya ndani ikawa michache, au kitambaa kigumu kikagandishwa kwa gundi badala ya kushonwa. Kwa nje hutaona. Baada ya mvua mbili tatu utaona. Watu walilaumu ufundi wa Kichina, na mimi naona lawama hiyo haikuwa ya haki. Fundi yule yule akipewa siku kumi alitoa kazi ya kusimama mbele ya London. Aliyetaka siku moja alikuwa mteja.

Wasafiri wazoefu walilijua jambo hilo. Walikwenda kupimwa siku ile ile ya kushuka, wakataka kulijaribu koti likiwa limepigwa bandi tu, na wakaomba kitambaa cha ziada kiachwe ndani ya mishono, ili mwili ukiongezeka koti lipanuliwe.

Siasa nayo iliingia hata katika nguo. Kuanzia Desemba 1950 hadi mwaka 1971 Marekani ilikataza bidhaa za China. Mmarekani aliyeshonewa vazi la hariri alitakiwa kuwa na hati ya kuonyesha kwamba hariri yenyewe haikutoka huko. Na kuanzia miaka ya 1960 ya kati walikuja askari wa Kimarekani waliopewa likizo fupi kutoka vita vya Vietnam. Vijana hao walikuwa na siku chache tu kabla ya kurudi vitani, na kwao suti ya siku moja haikuwa mzaha.

Vita viliisha, kodi za nyumba zikapanda, na viwanda vya Hong Kong vyenyewe vikashona nguo tayari kwa maelfu. Vijana walichagua kiwanda au ofisi. Miaka mitatu ya kufagia kwa bwana fundi haikuwavuta. Mwaka 1997 Hong Kong ilirudishwa kwa China. Siku hizi msafiri anayetaka nguo ya haraka huenda pia Bangkok, au Hoi An, mji wa kale wa Vietnam ambako maduka ya ushonaji yaliongezeka baada ya nchi kufungua uchumi wake mwaka 1986.

Mafundi wa Hong Kong waliobaki walibuni njia nyingine: wao ndio wakawa wasafiri. Walipanda ndege hadi Uingereza na Marekani, wakakodi chumba cha hoteli, wakatandaza vipande vya vitambaa kitandani, na kuwapima wateja hapo hapo. Vipimo viliandikwa daftarini na kurudi Hong Kong. Mteja akitaka koti la pili aliandika barua tu, akaeleza kama amenenepa au amekonda, na koti likamfuata kwa posta.