Kikundi kisife mwenyekiti akihamia Dar: Namna ya kupanga na kuongoza kwa vijana wa kujitolea Kibaha na Kisarawe

Kibaha ipo kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe nayo unaifikia ukishapita Pugu. Ukaribu huo una faida zake, lakini kwa vikundi vya vijana wanaojitolea una gharama pia: kijana akipata kibarua Kariakoo au nafasi ya chuo, anaondoka wiki hiyo hiyo.

Kama aliyeondoka ndiye mwenyekiti, na ratiba, namba za simu na hesabu zote zilikuwa kwenye simu yake, kikundi kinabaki na fulana na picha za WhatsApp. Ndiyo maana mafunzo ya kupanga na kuongoza yana lengo moja kubwa: kikundi kiweze kusimama bila kumtegemea mtu mmoja.

Mpango uandikwe kwenye daftari

Mpango mzuri unaingia kwenye ukurasa mmoja. Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kupanda miche 150 kwenye shule ya msingi. Maswali ni matano:

- Nini? Miche 150 ipandwe, na iwe bado hai mwezi Septemba.
- Nani? Majina mawili kwa kila kazi: kuchimba mashimo, kuleta miche, kumwagilia. Mmoja akiumwa, mwingine yupo.
- Lini? Mashimo yawe tayari kabla mvua hazijaanza.
- Hela ipi? Miche, usafiri wa kuibeba, nauli za wanachama, maji ya kunywa, vocha ya katibu.
- Tutajuaje? Siku ya kuhesabu miche iliyo hai ipangwe tangu mwanzo.

Swali la nne ndilo linalorukwa sana. Kujitolea hakulipwi mshahara, lakini nauli ya kutoka Mlandizi au Maneromango lazima itoke mahali. Isipopangwa, anaanza kukosa kikao yule asiye na hela, na watu wanamwita mvivu.

Swali la tano nalo lina uzito wake. Kupanda miti ni kazi ya asubuhi moja, kuitunza ni kazi ya miezi. Kikundi kinachohesabu miche mwezi Septemba kitajulikana kwa walimu kuwa ni cha kweli.

Fuata kalenda ya mahali

Ratiba nyingi zinakwama kwa sababu zimepangwa kana kwamba miezi yote inafanana. Pwani haiko hivyo. Masika ni Machi hadi Mei, na njia za udongo za vijijini Kisarawe hupitika kwa shida. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kipindi hicho familia nyingi zipo kwenye korosho. Ramadhani huwahi kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kikao kilichofaa jioni mwaka jana kinaweza kugongana na futari mwaka huu. Shughuli za shuleni nazo zizingatie mitihani na likizo za Juni na Desemba.

Kabla ya kutangaza tarehe, wanachama wapitie mwaka mzima pamoja na kuweka alama siku zisizofaa. Kikao hicho kimoja kinaokoa kuahirisha mara tano.

Uongozi ufundishwe kwa kazi ndogo

Hakuna anayekuwa kiongozi kwa kusikiliza semina ya siku moja. Mwanachama mpya apewe kazi ndogo kwanza: kusimamia maji ya kunywa. Mara ya pili ashike orodha ya mahudhurio. Mara ya tatu aongoze shughuli nzima, huku mwenye uzoefu akiwa pembeni bila kumkatiza.

Skauti wametumia mbinu kama hii kwa zaidi ya miaka 100. Vijana hugawanywa kwenye vikosi vidogo vya watu sita hadi wanane, na kila kikosi kinaongozwa na mmoja wa rika lao.

Kuendesha kikao pia kuwe kwa zamu. Muhtasari uandikwe na usomwe mwanzoni mwa kikao kinachofuata: tuliamua nini, nani alibeba nini, kimefikia wapi. Na wasichana wasiachiwe chai na uandishi peke yake. Anayetunza hesabu vizuri anaweza kuongoza msafara wa kwenda kwa mtendaji.

Kwa wazee nako kuna utaratibu. Mjini Kibaha mlango ni serikali ya mtaa, vijijini ni serikali ya kijiji. Shikamoo kwanza, barua baadaye, na barua ipelekwe mapema, isiwe asubuhi ya tukio.

Hela za kikundi

Kila shilingi iandikwe siku ile ile, risiti zitunzwe, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Utaratibu huu unahitajika zaidi kikundi kikitaka kuanzisha mradi wa kipato. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ni wa kikundi, na deni ni la kikundi. Mweka hazina akitoweka, waliobaki ndio watakaoulizwa.

Pa kujifunzia

Kibaha ina historia ndefu kwenye jambo hili. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali. Ndani yake kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kisarawe nako kuna chuo cha aina hiyo. Vyuo hivi vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden wa elimu ya watu wazima. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii kwenye halmashauri nayo ndiyo pa kuuliza kuhusu usajili, katiba na mikopo.

Kipimo cha mwezi mmoja

Njia rahisi ya kujua kama kikundi kimekomaa ni hii: mwenyekiti apumzike mwezi mzima, asipigiwe simu. Akirudi, aangalie daftari. Kama vikao vimefanyika, hela zimeandikwa na miche imemwagiliwa, kikundi kipo. Kama kila kitu kilimsubiri yeye, kazi ya kufundisha wengine ianze wiki hiyo, kabla Dar haijamwita.