Mkono Uliochora Shimo Jeusi

Mwaka 1979 mwanaastronomia Mfaransa Jean-Pierre Luminet alichapisha picha ya shimo jeusi lililozungukwa na sahani ya gesi inayong'aa. Kompyuta ya IBM 7040 huko Meudon, iliyolishwa kadi zilizotobolewa, ilimpa namba tu. Picha aliichora mwenyewe: nukta moja moja za wino mweusi, akizisonganisha palipokuwa na mwanga mwingi, kisha akageuza weusi kuwa weupe kwa njia ya negativu.

Atakayesema mkono wa msanii huchafua sayansi ana hoja, kwa kuwa mkono unaweza kupamba. Lakini hapa kila nukta ilifuata hesabu. Upande mmoja wa sahani unang'aa zaidi kwa sababu gesi yake inatukimbilia. Sehemu ya nyuma inaonekana juu ya shimo kwa sababu mvutano umeupinda mwanga. Macho yasingeyabaini hayo katika safu za namba. Mwaka 2019 darubini za redio zilipotuonyesha shimo jeusi la galaksi ya M87, pete yake nayo ilikuwa na upande unaong'aa zaidi. Kwa hiyo kuchora kulikuwa sehemu ya ugunduzi wenyewe, wala si pambo lake.