Dubu wa Nandi hakuwepo, mbwa wa Gatwekera yupo

Wasee, leo tuongelee dubu. Najua utaniuliza, dubu gani na misitu ya Kenya haina hata mmoja? Skiza basi.

Mwaka wa 1912, mzungu aitwaye Geoffrey Williams aliandika kwenye jarida moja la elimu ya wanyama kwamba aliona mnyama kama dubu kule Uasin Gishu. Wajenzi wa reli ya Magadi nao wakasema wamekutana naye. Akabatizwa Dubu wa Nandi, akachanganywa na chemosit, zimwi la hadithi za Wanandi. Lakini Hollis, kwenye kitabu chake cha 1909, alieleza chemosit kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja. Ndege na dubu wapi na wapi? Fuvu la huyo dubu halijawahi kupatikana. Wengi huamini alikuwa fisi tu.

Hapo ndipo jeni zinachekesha. Fisi anafanana na mbwa, lakini damu yake iko upande wa paka na nguchiro. Dubu ndiye yuko upande wa mbwa. Pande hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Yaani kama alikuwa fisi, mbwa koko wa hapa kwetu ana undugu na dubu kumshinda huyo "dubu".

Kwa hivyo mimi nasema: sura haikwambii ukoo, na ukoo haukwambii hatari. Mwaka uo huo wa 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa pembeni mwa Nairobi. Dubu hakuwahi kupatikana, lakini kichaa hakijatoka. Serikali hukadiria kinaua watu kama 2,000 kwa mwaka, na imepanga kukimaliza kufikia 2030. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Na mbwa anaweza kuwa na virusi mateni siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, akiwa bado anacheza na watoto.

Ukiumwa, hata na mbwa wa jirani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hosi siku hiyo hiyo uchomwe sindano. Dalili zikianza, ni kama umechelewa. Na chanjo ya mbwa ikiletwa mtaani, mpeleke hata yule asiye na mwenyewe.