Amandina Lihamba

Amandina Lihamba (alizaliwa Morogoro, 1944) ni mwigizaji, mwongozaji wa maigizo, mwandishi wa tamthilia na profesa wa sanaa za maonyesho kutoka nchini Tanzania. Kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anajulikana hasa kwa kuitoa sanaa ya jukwaani katika kumbi za chuo na kuipeleka vijijini na shuleni.

Masomo

Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985. Tasnifu yake ilihusu siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania kuanzia Azimio la Arusha (1967) hadi 1984. Katika kipindi hicho ngonjera na michezo ya kuigiza vilitumika sana kueneza siasa ya Ujamaa. Ujumbe ulitoka juu, na kazi ya wananchi ilikuwa kutazama na kupiga makofi.

Sanaa kwa maendeleo

Lihamba na wenzake walitaka kuugeuza utaratibu huo. Mwaka 1982 na 1983 yeye, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wakazi wa Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Wanakijiji wenyewe walieleza matatizo yao, likiwemo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, wakayatungia maigizo na ngoma, kisha wakayajadili hadharani.

Kutokana na uzoefu wa aina hiyo, yeye na Mlama walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996 kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wanafunzi huchunguza mambo yanayowazuia kusoma vizuri, huyachambua, huyaonyesha kwa igizo, ngoma au shairi mbele ya wenzao na walimu, halafu mjadala hufuata. Nguvu ya mbinu hii iko katika uigizaji wenyewe: mhusika jukwaani anaweza kutamka jambo ambalo mwanafunzi asingethubutu kulisema katika ofisi ya mwalimu mkuu. Baadaye shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana barani Afrika, liliichukua Tuseme na kuieneza katika nchi nyingine.

Maandishi

Tamthilia yake *Hawala ya Fedha* (1980) inatokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal kuhusu mtu aliyetumiwa pesa akashindwa kuzichukua kwa sababu ya urasimu wa ofisi. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Aliandika pia *Mkutano wa Pili wa Ndege* (1992), na pamoja na wenzake *Harakati za Ukombozi* (1982). Ni mmoja wa wahariri wa mkusanyo mkubwa wa maandishi na masimulizi ya wanawake wa Afrika Mashariki uliotoka mwaka 2007.

Filamu

Aliigiza katika *Arusi ya Mariamu* (1985). Katika *Maangamizi* (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, aliigiza kama Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye amenyamaza kwa miaka mingi. Ni sehemu ngumu kwa mwigizaji aliyezoea kutumia sauti jukwaani, kwani kwa muda mrefu hubaki na uso na mwili tu. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar.