Taa ya Zebaki na Maji ya Kijani

Kifaa cha kuua vijidudu majini kwa mionzi ya urujuanimno, yaani mionzi ya UV isiyoonekana kwa macho ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko ya mwanga wa zambarau, sasa ni kitu cha kawaida kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wanaootesha mimea ndani ya matangi ya maji baridi. Hata hivyo, mnunuzi wa kifaa hicho aghalabu hutazama idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi na kuishia hapo, ilhali historia inaonyesha kuwa wati hueleza sehemu ndogo tu ya jambo, na kwamba maswali anayopaswa kuuliza yaliwahi kuwasumbua wahandisi wa maji ya mijini zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Historia hiyo ina mikondo miwili iliyoanza mbalimbali. Mkondo wa kwanza ni wa tangi lenyewe. Mwaka 1849 mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na Vallisneria, mmea wa majini wenye majani marefu membamba kama utepe, akitaka kuthibitisha kuwa oksijeni inayotolewa na mmea ingewatosha samaki, nayo hewa ya ukaa wanayoitoa samaki ingeulisha mmea. Mpango ulikwenda vizuri mpaka majani makuukuu yalipoanza kuoza, maji yakachafuka na ute wa kijani ukatanda kwenye kuta za chombo. Warington hakuyatia maji dawa, bali aliingiza konokono wa madimbwini, ambao walikula majani yaliyooza na ule ute, huku mayai yao yakiwa chakula cha samaki. Jaribio hilo, aliloliwasilisha mbele ya Jumuiya ya Kemia ya London mwaka 1850, lilidhihirisha jambo ambalo bado ni msingi wa ufugaji huu: mwani, yaani viumbe vya kijani vinavyogombea mwanga na virutubisho vilevile vinavyohitajiwa na mimea, hushamiri pale mimea inapodhoofika au uchafu unapozidi.

Mkondo wa pili ni wa mwanga. Mwaka 1877 Waingereza Arthur Downes na Thomas Blunt walijaza mirija ya kioo kimiminika chenye sukari ambacho bakteria hukipenda, wakaifunika baadhi kwa bamba la risasi na kuiacha mingine wazi juani. Mirija iliyofunikwa ilivurugika na kuwa na ukungu kwa wingi wa bakteria, ilhali iliyopigwa na jua ilibaki angavu, na majaribio yao yaliyofuata yakaonyesha kuwa nguvu hiyo ya kuua ilikuwa zaidi upande wa mawimbi mafupi ya mwanga. Kanuni hiyo ya jua haijachakaa: mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, ulioonyesha kuwa maji ya kunywa yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki yalipunguza maradhi ya kuhara.

Kuligeuza jua kuwa chombo cha kazi kulihitaji taa na kioo cha pekee. Peter Cooper Hewitt wa Marekani alipata hataza ya taa ya mvuke wa zebaki mwaka 1901, lakini kioo cha kawaida huzuia mawimbi mafupi yanayoua, hivyo taa hiyo haikufaa kwa maji mpaka mafundi walipoweza kutengeneza mirija ya kwatzi, madini angavu yanayopitisha mionzi hiyo. Mwaka 1910 mtambo wa majaribio ulifungwa Marseille, Ufaransa, na hapo ikaonekana wazi kwamba maji yalipaswa kuchujwa kwanza, kwa kuwa kila chembe ya uchafu ni kivuli ambacho bakteria hujificha nyuma yake, na kwamba kilichoua hakikuwa ukali wa taa peke yake bali ukali huo ukizidishwa kwa muda ambao maji yalikaa mbele yake. Zao la viwili hivyo ndilo linaloitwa dozi. Hata hivyo, taa za wakati huo zilikuwa ghali na ziliharibika upesi, na kwa kuwa Jersey City nchini Marekani ilikuwa imeanza kutia klorini katika maji yake tangu mwaka 1908 kwa gharama ndogo, miji mingi ilifuata njia hiyo.

Taa ya UV ilirudi kwa nguvu baada ya teknolojia ya taa za mirija kuimarika katika miaka ya 1930, ikipatikana taa ya zebaki yenye mgandamizo mdogo ambayo hutoa sehemu kubwa ya mionzi yake kwenye wimbi la nanometa 254 hivi, karibu kabisa na wimbi linaloharibu zaidi DNA, chembe inayobeba maagizo ya urithi ya kiumbe. Kiumbe kilichoharibiwa hivyo hushindwa kuzaliana, lakini si daima, kwani mwaka 1949 Albert Kelner aligundua kuwa vijidudu vilivyopigwa na UV vinaweza kujitengeneza upya vikipata mwanga wa kawaida. Ugunduzi huo unamhusu sana mwenye tangi la mimea, ambalo huwashiwa taa kwa saa nyingi kila siku: dozi hafifu hujeruhi tu, na majeruhi hupona.

Mikondo hiyo miwili ilikutana pale taa ilipofanywa ndogo kiasi cha kuingia katika tangi la nyumbani, na umuhimu wake ukaongezeka wakati uoteshaji wa mimea ulipopata sura mpya kupitia kazi za Mjapani Takashi Amano, aliyepanga matangi kama mandhari ya asili na kuyatia mwanga mwingi, mbolea na hewa ya ukaa. Tangi lililoshibishwa namna hiyo likiyumba kidogo, mwani unaoelea huweza kuzaana mpaka maji yote yakawa ya kijani na samaki wasionekane. Dhidi ya hali hiyo, hakuna kifaa kinachofanya kazi safi kuliko taa ya UV. Husaidia pia kupunguza vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe vinapoogelea vikitafuta samaki, ingawa haviguswi vikiwa tayari ndani ya ngozi. Kwa mwani ulioshika majani na mawe haifai kitu, maana taa huua kile tu kinachopita mbele yake, na kwa sababu hiyohiyo bakteria wenye manufaa walioshika ndani ya chujio hubaki salama.

Kwa hiyo anayechagua aanze na kasi ya maji. Kifaa cha wati chache chenye pampu ya taratibu kinaweza kutoa dozi kubwa kuliko kile cha wati nyingi kinachopitisha maji mbio, na mtengenezaji asiyetaja kasi inayofaa kwa kazi husika amenyima habari iliyo muhimu kuliko zote. Kifaa kifungwe baada ya chujio, kama Marseille ilivyofundisha, na ala yake ya kwatzi iweze kufunguliwa na kufutwa chokaa na utelezi. Taa nayo ibadilishwe takriban kila mwaka ikiwa huwashwa mfululizo, kwa maana mng'ao wake wa buluu huendelea kuonekana hata baada ya mionzi inayoua kufifia. Jambo moja zaidi huwahusu wenye mimea peke yao: madini ya chuma katika mbolea ya majini hufungwa kwa kileti, kiwanja kinachoyaweka katika hali ambayo mimea inaweza kuyafyonza, na mionzi ya UV huvunja kifungo hicho. Kuiwasha taa usiku na mchana mwaka mzima ni kuinyima mimea chakula ilichonunuliwa. Iwashwe maji yanapokuwa ya kijani au ugonjwa unapoingia, kisha izimwe.