Treni ya umeme Dar–Moro: Moshi wa dizeli umeenda wapi?

Juni 14, 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru. Je, moshi ndiyo basi tena? Fahamu haya.

Nini kimebadilika?

Reli ya zamani ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Upana wake ni mita moja, na vichwa vyake vinatumia dizeli.

SGR ina upana wa milimita 1,435. Vichwa vyake vinapokea umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu. Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliagiza Korea Kusini vichwa 17 na seti 10 za treni maarufu kama 'mchongoko'. Dar–Moro sasa ni chini ya saa mbili.

Kwa nini dizeli inabanwa?

Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani.

Marekani imebana viwango vya moshi kwa vichwa vipya vya treni tangu 2015. Huko California, treni za Caltrain kati ya San Francisco na San Jose zilihamia kwenye umeme Septemba 2024, miezi mitatu tu baada ya Morogoro.

Moshi umeisha kabisa?

Hapana. Treni haitoi moshi njiani, lakini umeme wake lazima uzalishwe mahali. Njia inayoulisha mradi inaanzia Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya gesi, hadi Kingolwira, Morogoro.

Gridi ya Taifa inapata pia umeme wa maji: Kidatu, mkoani Morogoro, megawati 204, na Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yakizalisha zaidi, gesi inachomwa kidogo, na safari inakuwa safi zaidi.

Umeme ukikatika je?

Hapo ndipo kwenye mtihani. Kichwa cha dizeli kinabeba mafuta yake. Cha umeme kinategemea waya. Gridi ikiyumba, abiria wanakwama njiani.

Kwa hiyo kubadilisha vichwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni umeme wa uhakika.