Kabla Mgonjwa Hajafika Mjini

Majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro mjini tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, wakiizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, na Septemba yote vita vikahamia upande wa mashariki na kusini mwa milima, huku kwenye mabonde yanayoshuka kutoka Mkuyuni na Matombo hadi Duthumi. Pwani ilikuwa imezingirwa na manowari za Waingereza, na kwa Wajerumani kila kitu kilichozoea kuja kwa meli kilikuwa kinapungua, dawa na bendeji zikiwamo. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi madaktari wake walivyojiokoa. Bendeji za kitambaa zilifuliwa na kutumiwa tena na tena, na nyingine zikatengenezwa kwa magome ya miti. Wazo hilo, anakiri mwenyewe, lilitoka kwa wenyeji, ambao tangu zamani walitengeneza nguo na magunia kwa magome ya miombo.

Historia ya tiba ya nchi hii huandikwa kwa kuanzia hospitalini: nani alijenga, nani alizindua, ina vitanda vingapi. Lakini kwa mtu wa Mkuyuni, anayekaa kwenye barabara inayotoka Bigwa, ikapita Kiroka na kuendelea hadi Matombo na Kisaki, saa ya hatari ni ile ya kwanza, kabla gari halijapatikana. Saa hiyo ina historia yake, na ndani yake mtu mkuu si daktari. Ni jirani aliyefika wa kwanza, pamoja na kile alichofundishwa kufanya, kiwe sahihi au kibaya.

Katika vita vile jirani huyo aliitwa mpagazi. Robert Dolbey, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefanya kazi ya upasuaji Morogoro, alichapisha kitabu mwaka 1918 chenye sura nzima juu ya chumba chake cha upasuaji mjini humo, na nyingine juu ya wapagazi. Majeruhi wa mapigano ya Kisaki walilazimika kurudishwa nyuma kupita milima, mito na matope kabla kisu cha daktari hakijawagusa. Pale gari lisipopita walibebwa. Waliowabeba walikuwa wakifa wenyewe: makadirio ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliofariki katika vita vya Afrika Mashariki yanakaribia 100,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na kuchoka. Hakuna aliyewaandikia historia ya tiba, ingawa bila mabega yao daktari wa Morogoro asingepata wa kumpasua.

Machela ya milimani haijabadilika sana tangu hapo. Ni miti miwili mirefu, au mianzi iliyokomaa, na blanketi au gunia lililopasuliwa likafungwa katikati. Wanne wanashika ncha, wengine wanatembea kando wakisubiri kupokea bega. Penye mteremko miguu ya mgonjwa hutangulia ili kichwa kibaki juu. Penye kupanda, kichwa ndicho hutangulia. Anayekutana na machela njiani hahitaji kuulizwa kama anamfahamu mgonjwa. Anaweka mzigo wake chini na kuingiza bega. Mimi nauhesabu utaratibu huo kuwa huduma ya kwanza kamili, na umeokoa watu wengi wa Uluguru ambao majina yao hayako katika daftari lolote.

Huko Ulaya fani hii ilianza kufundishwa raia wa kawaida katika nusu ya pili ya karne ya 19. Henry Dunant alishuhudia majeruhi wa mapigano ya Solferino mwaka 1859 wakifa kwa kukosa tu wa kuwafunga vidonda, na kutokana na uchungu huo likazaliwa shirika la Msalaba Mwekundu. Mwaka 1877 Waingereza wakaanzisha chama cha Mtakatifu Yohana cha kufundisha huduma ya kwanza, na mwaka uliofuata daktari wa jeshi Peter Shepherd akafundisha madarasa ya mwanzo huko Woolwich na kuandika mwongozo wake. Shepherd hakuishi kuyaona matunda: Januari 1879 aliuawa Isandlwana, katika nchi ya Wazulu, inasemekana akiwa anamhudumia majeruhi. Ujerumani nako, Friedrich von Esmarch wa Kiel, aliyekisambaza kile kitambaa cha pembetatu ambacho hadi leo hufunga mkono uliovunjika, alianza kuwafundisha raia mwaka 1882.

Maarifa hayo yalipanda Uluguru pamoja na misheni na majeshi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapiga kambi Morogoro, na mwaka 1897 wakafungua misheni ya Matombo, mwendo mfupi mbele ya Mkuyuni. Hawakukuta watu wasio na ujuzi. Waunga mifupa walikuwepo, na ukitazama mguu uliofungwa kwa vipande vya mianzi vilivyopangwa kando kando na kukazwa kwa kamba laini, kisha ukatazama mchoro wa mwongozo wa Kizungu, utaona kazi ni ile ile: mfupa uliovunjika usiachwe ucheze.

Kwenye nyoka ndiko pande zote mbili zilikopotea. Mashambani kwetu, kwenye migomba, minanasi na majani ya chini ya minazi, kuna kifutu anayelala njiani bila kukimbia, koboko na swila. Tiba ya kienyeji ilikuwa kuchanja chale, kupaka dawa na kufunga kamba juu ya jeraha. Wazungu nao, kwa miongo mingi, walifundisha skauti na askari wao kukata palipoumwa kwa wembe, kunyonya sumu kwa mdomo na kukaza kamba hiyo hiyo. Kisha likaja jiwe la nyoka, lile jeusi linalotengenezwa kwa mfupa uliochomwa, ambalo wamisionari walilisambaza sana Afrika na ambalo bado linauzwa. Jiwe hunata kwenye jeraha kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama haliifikii. Wengi wanalisifu kwa kuwa si kila nyoka anayeuma huingiza sumu, na aliyepona angepona bila hilo jiwe.

Dawa yenyewe ilipatikana Ufaransa katika miaka ya 1890, pale Albert Calmette alipoitengeneza kwa damu ya wanyama waliozoeshwa sumu kidogo kidogo. Hadi leo hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo, na hutolewa hospitalini tu. Kwa hiyo kazi ya jirani ni nyepesi kuisema na ngumu kuitenda: amtulize mgonjwa, amvue pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, mkono au mguu ulioumwa aufunge kwenye ubao usitikisike, ambebe badala ya kumtembeza, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Kamba iliyokazwa huua nyama ya mguu, na chale huongeza kuvuja kwa damu ambayo sumu ya kifutu huenda imekwisha kuizuia isigande. Aliyetemewa machoni na swila aoshwe kwa maji mengi mara moja. Kina mama waliokosa maji karibu wametumia maziwa yao wenyewe, na katika hilo walikuwa sahihi, kwani kinachotakiwa ni kimiminika kisicho na madhara cha kuifukuza sumu. Ilikuwa mwaka 2017 tu ambapo Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Wakulima wa Mkuyuni hawakuwa wamelisahau janga hilo.

Kifafa nacho kina historia yake katika mkoa huu wa Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Mahenge na kukuta wagonjwa wengi wa kifafa wenye makovu ya kutisha ya moto. Walikuwa wameanguka motoni wakati wa degedege, na waliokuwapo hawakuwavuta, kwa kuamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza anayelishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifungua kliniki huko, akatoa dawa, na kwa kuwagusa wagonjwa mbele za watu akavunja hofu ambayo hotuba isingeivunja. Ni huko huko alikoona watoto wanaotikisa kichwa, hali ambayo baadaye ilizungumzwa sana Uganda na Sudan Kusini.

Nimelitaja hili kwa kirefu kwa sababu hofu ile haijaisha. Bado wapo wanaosimama mbali mtu akianguka, na wapo wanaosogea lakini wakamtia kijiko katikati ya meno. Kijiko huvunja meno na kinaweza kumkaba. Aliyeanguka na kifafa asogezwe mbali na moto na mawe, kichwani awekewe kitu laini, aachwe degedege lipite bila kubanwa, kisha alazwe ubavu ili mate yatoke yenyewe. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Povu haliambukizi mtu.

Kuhusu moto, Morogoro ilipata somo ambalo hakuna mji unaostahili kulipata. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu wakakimbilia kuchota petroli, na tangi likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, miongoni mwao vijana wa bodaboda. Rais John Magufuli alitangaza siku 3 za maombolezo, na majeruhi wengi walihamishiwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako idara ya tiba ya dharura ilikuwa imefunguliwa mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini. Nyumba nyingi za mabonde haya zina mtu wake anayefanya kazi au biashara mjini, na msiba ule uliingia hadi vijijini.

Lakini moto unaoua taratibu, bila kutajwa redioni, ni ule wa jikoni: sufuria ya uji inayomwagikia mtoto, chai iliyoachwa ukingoni mwa meza. Mkono wa kwanza hukimbilia dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kula au majivu. Tusiwacheke wanaofanya hivyo. Kuanzia mwaka 1925 hospitali za Ulaya na Marekani zilipaka majeraha ya moto tanini, ile iliyomo katika majani ya chai, na zikaiacha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia baada ya kugundua kwamba inadhuru ini. Kilichobaki baada ya majaribio yote hayo ni maji. Maji ya kawaida yasiyo na barafu, yakitiririka juu ya pale palipoungua kwa dakika 20 bila kukatisha, kisha kitambaa safi kisichoshika nyuzi, na malengelenge yasipasuliwe. Vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Inauma kuona mtoto wa mabonde haya akipakwa dawa ya meno wakati dawa yake inapita nyuma ya nyumba.

Baada ya Uhuru palikuwa na jitihada za kweli. Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu mbele ya redio, kikundi kwa kikundi, na katika miaka hiyo hiyo vijiji vikaanza kupata wahudumu wa afya waliofundishwa kwa muda mfupi na kukabidhiwa sanduku la bendeji, dawa ya vidonda na vidonge. Kipindupindu kilipoingia nchini kwa nguvu mwaka 1977, ilionekana wazi thamani ya mtu wa kijijini anayejua kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Baadaye tukapata kwa Kiswahili kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya vijiji vya milima ya Mexico. Masanduku mengi yaliisha dawa na hayakujazwa tena. Wahudumu wakazeeka bila kupewa vijana wa kuwarithi. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka 5, na naomba kwa moyo wote kwamba safari hii sanduku lijazwe.

Usafiri nao umepata mabadiliko makubwa. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito kupata gari kwa kupiga 115 bila malipo. Pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa jirani aliyekubaliana na mfumo, naye hulipwa kwa simu. Huyo dereva ni mrithi halali wa wabeba machela. Ila mfumo umejengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mkwezi aliyeanguka mnazini hana namba yake.

Na huyo ndiye anayepakiwa bodaboda, akiwa ameketishwa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia kwa nyuma, shingo ikiyumba kila penye shimo. Kama uti wa mgongo ulipasuka tu, safari hiyo inaweza kuukata. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe kwa makwapa wala kukalishwa apewe maji. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na kifua, asikiachie. Wengine wang'oe mlango au walete ubao wa kitanda, wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, wausukume ubao chini yake, wamfunge kwa kanga kifuani, kiunoni na magotini, na wasubiri gari lenye sakafu ndefu, hata la kubebea ndizi.

Anayeshika kichwa asibadilishwe hadi hospitalini.